Vumbi la Msafiri

Naziha ni jirani yangu wa ukuta. Ukuta wenyewe si mnene. Akikohoa upande wake, mimi huku natafuta asali. Tumeishi hivyo tangu tulipoletwa maharusi mtaani hapa, na kama kuna nyumba mjini Kairuani ninayoijua sawa na yangu, basi ni yake. Watu wakimtaja siku hizi husema, "Yule aliyeugua mawazo akapona." Hawajui alivyougua wala alivyopona. Mimi najua, maana nilikuwa natazama. Kutazama ndiyo kazi ninayoiweza bila kufundishwa.

Naziha ni mfumaji wa mazulia. Kitanda chake cha kufumia kimesimama chumba cha mbele, na enzi hizo mabonge ya sufu yalikaa kwenye rafu kwa rangi zake, hata akifumba macho mkono wake ulijua nyekundu iko wapi. Kila asubuhi, mumewe Munji akishaondoka kwenda kuoka mikate, alimwaga maji uani, akasugua vigae, akayasukuma maji mpaka kwenye tundu, kisha ndipo akaketi na kahawa yake. Nilimtania kwamba anasafisha mpaka malaika wanateleza. Akanijibu, "Sisafishi kwa ajili ya malaika wala kwa ajili yako. Nasafisha ili nisikie ninachowaza."

Basi mwanawe wa kwanza, Wajdi, akapata mkataba wa kazi Sisili, ng'ambo ya bahari, kwenye mabanda ya nyanya. Hakwenda kwa kificho kama wengine wanaowaua mama zao kabla ya siku. Alikwenda na karatasi zake, kwa meli ya abiria, mchana kweupe. Siku ya kuondoka tulisimama mlangoni, Naziha akamwaga maji nyuma ya visigino vyake, safari iende kama maji na irudi kama maji. Hakuna aliyeshika ufagio. Kwetu ukifagia nyuma ya msafiri kabla hajafika, unafagia nyayo zake, na asiye na nyayo atarudi kwa njia gani? Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba sijawahi kumfagilia mtu nyuma, na sitaanza uzeeni.

Kawaida msafiri akifika hupiga simu, mama akahimidi, akachukua ufagio, maisha yakaendelea. Wajdi alifika, lakini aliyepiga simu si yeye. Alipiga mtu mmoja wa mji wa Sfaksi aliyesafiri nao, akasema vijana wote wazima, ila simu ya Wajdi haina laini ya kule.

Nilimkuta Naziha ameketi kwenye ngazi ya dari, simu mapajani.

"Kafika?"

"Wanasema kafika."

"Nani wanasema?"

"Mtu wa Sfaksi."

"Basi inuka ufagie, mwenzangu."

"Nitafagia nikisikia sauti yake."

Haikupita muda akaisikia. Nami niliisikia, kwa ukuta. Nikangoja kusikia maji uani, sikusikia. Nikaenda.

"Ana mafua," aliniambia. "Sauti si yake. Na analala chini, hawajampa kitanda. Mtu asiye na kitanda hajafika bado, au amefika?"

Akapewa kitanda. Naziha akasema hajalipwa. Akalipwa. Akasema msimamizi wake mkali, wanaweza kumfukuza wakati wowote. Fundo likifunguka hapa, alilifunga pale. Mimi mwenyewe nina watoto na najua jinsi hofu inavyomtengenezea mama sababu. Inakaa naye jikoni, inamenya vitunguu naye.

Mwanzoni kisichofagiwa kilikuwa chumba cha Wajdi tu: viatu vyake vya zamani chini ya kitanda, glasi ya chai iliyokaukia majani, taulo kwenye kiti. Kisha ukumbi, kwa kuwa alipita hapo. Kisha ua, kwa kuwa alisimama hapo na begi. Kisha chumba cha mbele, kwa kuwa hapo ndipo alipombusu mama yake kichwani. Nyumba zetu zina mlango mmoja. Anayetoka anakanyaga kila mahali.

Na usipofagia huwezi kupanga. Kitu utakiweka wapi, juu ya vumbi? Nguo zilizofuliwa zikatundikwa kwenye kitanda cha kufumia, zikakaa hapo, zikapandiwa na nyingine. Mabonge ya sufu yakashuka kwenye rafu, yakaviringika, hakuna aliyeyafuata. Madirisha yakafungwa upepo usije ukalipeperusha lile vumbi. Naziha akawa anatembea kandokando ya ukuta nyumbani mwake mwenyewe, kama mtu aliyevamiwa na maji. Usingizi ukamwacha. Akaunguza sufuria mbili za maharage. Akawa anakuja kwangu kuniuliza kama nimesikia simu yake ikilia kwa ukuta, na simu ameishika mkononi.

Binti yake Abir alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, ule wa mtihani mkubwa, unaofanya hata wazazi wasiojua kusoma watembee kwa ncha za vidole. Akawa anasomea jikoni, daftari kati ya kitunguu na pilipili. Siku moja alikuja kwangu, vitabu kifuani.

"Mama Widad, nisomee kwako leo?"

"Leo na kesho. Kwenu kuna nini?"

"Kwetu hakuna mahali pa kuweka kiwiko."

Kwangu nako kulikuwa na pilikapilika za harusi ya Widad wangu, mafundi na mashangazi wanaingia na kutoka. Ndipo Shadhlia, dada yake Munji, akamchukua Abir kwake, vichochoro viwili kutoka hapa. Shadhlia hakujaliwa mtoto, na ana vyumba viwili vinavyongoja mtu tangu aolewe. "Kwa muda tu," alisema, "mpaka mama yake atulie."

Juma lililofuata Naziha alinijia uso umebadilika rangi.

"Kamnunulia pazia."

"Nani?"

"Wifi yangu. Kamnunulia Abir pazia jipya, na taa ya mezani. Mtu wa muda ananunuliwa pazia?"

Alikuwa amesema kweli. Hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe. Alikuwa anamlilia mtoto aliyekuwa anakula, analala na kufanya kazi ng'ambo, na aliyekuwa anampoteza ni yule wa vichochoro viwili. Abir alianza kuja Ijumaa tu, anasimama ukumbini na viatu vyake, anakula wima, anaondoka. Nilimsikia siku moja akisema "nyumbani" na alikuwa ana maana kwa shangazi yake. Naziha naye alisikia. Alikuwa amebeba bakuli, akaliweka chini polepole kama lina maji ya moto.

Munji ni mtu wa maneno machache, lakini hapo alisema imetosha. Alimpeleka mkewe kwa daktari mjini Susa. Na siku hiyo hiyo Shadhlia akaja na wanawake wawili, ndoo, sabuni na funguo alizopewa na kaka yake. Nilitoka nikamkuta mlangoni, mikono imekunjwa tayari.

"Wifi yako anajua?" nikamuuliza.

"Wifi yangu hayupo."

"Ndiyo maana nauliza."

"Mama Widad, nyumba hii inamla mtu. Nikiisafisha mara moja tu, akirudi akaona sakafu yake, ataamka. Au wewe jirani unapenda vumbi?"

"Vumbi silipendi. Lakini lile lina mwenyewe."

Alicheka, akaingia. Sitamsema vibaya Shadhlia. Alikuwa na nia njema na mgongo wenye nguvu. Walisafisha kama wanaotafuta pete iliyopotea. Mazulia yakaninginia ukutani mpaka upande wangu. Harufu ya dawa ya choo ikanifikia mezani. Ile glasi ya chai ikaoshwa, taulo likafuliwa, na vumbi lote la miezi likasukumwa kwa maji, likatoka mlangoni, likaenda na mtaro wa kichochoro.

Naziha aliporudi alisimama kizingitini. Hakupiga kelele. Aliingia chumba cha Wajdi, akaunusa mto, ulikuwa unanuka sabuni. Akakaa chini, si kitandani, chini. Shadhlia akawa anaeleza: pale palikuwa na mende, hapa tumekuta kijiko chako kilichopotea. Naziha anatazama mdomo wake tu.

Sasa kama bahati mbaya inavyojua kupanga, juma hilo simu ya Wajdi ilitumbukia kwenye mfereji wa maji bandani, ikafa. Siku zikapita hajapiga. Unaweza kumwambia mama kwa maneno ya busara kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Jaribu. Shadhlia alipobisha mlango hakufunguliwa. Alipobisha Abir, mama yake alisema kutoka ndani, nami nilikuwa naanika nguo darini, juu ya paa, nikasikia lote:

"Shangazi yako kamfagia kaka yako."

"Mama, Wajdi simu yake imeharibika. Yule Msfaksi kampigia baba kamwambia. Ni simu tu."

"Kamfagia."

Abir akasema, taratibu kabisa, "Aliyefagiwa ni mimi, mama." Akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakuja.

Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu watu hulikosea. Nyumba ilikuwa safi. Sakafu ungeweza kulamba asali juu yake. Na hali ya Naziha ilikuwa mbaya kuliko alipokuwa katikati ya rundo. Wajdi alipopata simu nyingine akapiga, alilia kwa furaha, lakini hakuokota hata kijiko. Mwezi haukuisha, nguo zikawa juu ya kitanda cha kufumia tena. Nyumba iliyosafishwa na mwingine bila wewe kutaka ni kama kulishwa na mikono unayo. Unashiba, lakini unajiona umekwisha.

Dawa za daktari alizimeza na zilimpa saa chache za usingizi. Sizidharau, nami nilimkumbusha kuzimeza. Ila alininung'unikia: "Daktari ananiambia, panga nyumba yako, akili itapangika. Anavyosema, utadhani ananiomba nimpitishie chumvi."

Majira ya kunyoa kondoo yakafika, na mimi nina magodoro ya bi harusi ya kujaza. Nilinunua sufu magunia kwa magunia, tukaiosha, tukaianika darini. Sasa ichambuliwe, na nikaenda kumwita Naziha. Sikumwita kwa huruma. Nilimwita kwa kuwa hakuna mkono mtaani hapa unaochambua sufu kama wake, na magodoro ya bi harusi hayachezewi. Mama mkwe huja kuyabonyeza kwa ngumi, na akikuta donge moja utalisikia mpaka mjukuu wa tatu.

Alikuja, simu kifuani. Akakaa kwenye mkeka, akavuta fungu la kwanza, akalitazama.

"Hii umeinunua kwa kondoo au kwa mbwa?"

"Nimeinunua kwa mjomba wako Khmais."

"Basi ni kondoo wa mjomba. Ndiyo maana miiba yote ya nyika imo."

Lilikuwa neno la kwanza la mzaha kulisikia kwake tangu Wajdi aondoke. Nilijifanya sijasikia. Mtu akianza kutoka shimoni usimpigie makofi, ataona aibu arudi.

Vidole vyake vilikuwa vinajua kazi hata kama mwenyewe alikuwa mbali. Vilivuta, vikatenganisha, vikatoa mwiba, vikatoa kinyesi kilichokauka, vikaweka nyeupe huku, kijivu kule. Mpaka alasiri alikuwa na vilima vitatu mbele yake, na hakuna aliyemwambia avipange. Jioni tulipomaliza aliinuka, akachukua ufagio wangu, akafagia pale tulipokaa. Akakunja magunia. Akaviweka vyanuo vya kuchania sufu ukutani kwa ukubwa wake. Darini kwangu Wajdi hakupita, basi hakuna nyayo alizoziogopa. Alipomaliza alisimama akapatazama pale mahali, safi, na jua linapalalia, akasema:

"Nasikia njaa."

Nilimletea mkate, mafuta ya zeituni na harisa, pilipili yetu ya kusaga. Alikula kama mvunaji.

Tukaendelea hivyo siku baada ya siku. Nilimwona mabega yakishuka. Nilimwona akisahau simu chini ya mkeka. Siku moja, vidole kwenye sufu, alisema bila kuulizwa:

"Hapa kwako macho yangu yanapumzika. Kwangu kila nikigeuka kuna kitu kinaniambia hujanifanya, hujanifanya. Sahani inaniambia. Soksi inaniambia. Mpaka naogopa kufungua macho."

"Basi vifanye vinyamaze."

"Kwa kumfagia mwanangu?"

Ningemwambia ni mambo ya wazee, angeniuliza kwa nini basi mimi sikufagia Widad alipokwenda Tunisi kununua viatu. Angekuwa na haki.

Hapo upepo ukaja, nyuzi za sufu zikaanza kuruka kuelekea ukingoni. Naziha alirukia ufagio kabla yangu. Sufu ni mali. Darini huifagii kuitoa, unaifagia kuileta. Aliizungukia kutoka ukingoni, akaikusanya kuja katikati, taratibu, fungu kwa fungu, hata unyoya mmoja usivuke ukuta. Kisha akasimama. Akautazama ufagio, akatazama lile rundo.

"Mama Widad, huu ufagio nani kasema lazima uende nje?"

"Ulitaka uende wapi?"

Aliketi akamaliza fungu lake, lakini midomo ilikuwa inacheza, kama mtu anayehesabu fundo za zulia.

Kesho yake asubuhi alinigongea mlango.

"Njoo ukae kwangu."

"Nije na ndoo?"

"Uje na makalio yako tu. Usishike kitu. Nataka mtu awepo."

Nikaenda. Alinipa kigoda uani, katikati ya vile vitu vyote, nami mikono inaniwasha. Naziha akafungua mlango wa mbele, akatoka mpaka nje ya kizingiti, akageuka akaielekea nyumba yake, na kutoka hapo akaanza kufagia kuja ndani. Pigo fupi fupi. Jiwe la mlango, kizingiti, ukumbi. Anakuja kinyumenyume, analivuta lile vumbi kama anavyomvuta mgeni mwenye haya: ingia, ingia, usisimame mlangoni.

Karibu na mguu wangu palikuwa na kijiti cha kiberiti. Niliinama nikakiokota.

"Mama Widad."

"Ni kijiti tu, mwenzangu."

"Kirudishe."

Nikakirudisha. Alikifikia kwa zamu yake, akakivuta na mengine.

Siku hiyo alifika ukumbini tu, nami nilidhani ataishia hapo. Vumbi alilokusanya hakulitupa. Alilizoa kwa kibao, akalimimina kwenye debe la mafuta lililopandwa maua, akalishindilia kwa kiganja. "Litakuwa hapa," alisema. "Akirudi asipolitaka, atalitoa mwenyewe." Kisha akanawa mikono mpaka viwikoni, akafungua dirisha moja.

Siku ya pili akafagia ua. Ya tatu hakufanya kitu, alilala mpaka adhuhuri, nami nikasikiliza ukutani kama mwizi. Kisha akaendelea. Kwenye chumba cha mbele alikaa muda mrefu kuliko kote, kwa sababu kila nguo aliyoishusha kwenye kitanda cha kufumia aliikunja, na kila bonge la sufu lililokuwa mafichoni alilitafuta mpaka likarudi kwenye rangi yake. Chumba cha Wajdi kilikuwa cha mwisho. Vile viatu alivifuta, akavirudisha chini ya kitanda, ila aliviweka vidole vikielekea ndani, kama vya mtu aliyeingia sasa hivi.

Asubuhi moja katika siku hizo alikuja kurudisha kibao cha kuzolea alichokuwa ameazima kwangu.

"Jana Wajdi hakupiga," alisema.

Nilimtazama machoni. "Ukafanyaje?"

"Niliogopa. Nikasugua jiko. Lilipong'aa nikaona hakuna kingine cha kufanya, nikalala."

Aliisema kama mtu anayesema amenunua nyanya. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango, nikalia kidogo jikoni, kisha nikaendelea na samaki wangu.

Yalibaki ya Abir. Naziha hakumtuma mtu. Alivaa koti lake zuri, akajifunga kitambaa, akaniomba nimsindikize kwa Shadhlia, wifi aliyemfungia mlango. Shadhlia alifungua, akatutazama, akajaza mlango.

"Wifi."

"Wifi. Karibu, hapa ni nyumbani kwako."

"Nyumbani kwangu ni kule. Nimekuja kuwaita Ijumaa. Nitapika kuskusi ya kondoo."

Shadhlia aliinua nyusi. "Tutakaa wapi? Juu ya rundo, au chini yake?"

"Juu ya zulia. Na ukiona vumbi, wifi, lile ni la nyumbani."

Ndani ya nyumba mtu alicheka, akakibana kicheko. Alikuwa Abir. Naziha alikisikia lakini hakuita jina lake. Alisema kwaheri, tukageuka. Kwenye kona akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma.

Ijumaa walikuja. Abir alivua viatu. Nilikuwa nimealikwa, nami niliona: aliinama akafungua kamba, akaviweka kando ya mlango, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu vuli. Kisha akazunguka nyumba kama mkaguzi. Akachungulia jikoni. Akachungulia kwa Wajdi. Kwenye chumba cha mbele akasimama. Chini ya dirisha, kando ya kitanda cha kufumia, palikuwa na meza, na juu ya meza hapakuwa na kitu.

"Hii ya nini?"

"Ya viwiko vyako," alisema Naziha.

"Na wewe utafuma hapa hapa?"

"Nitafuma."

"Kile chanuo chako cha kukazia nyuzi kinapiga kama nyundo, mama."

"Nitapiga ukiwa shule. Ukirudi nitafunga fundo tu. Fundo halina kelele."

Tukakaa, tukala. Munji anaugawa mkate, hamtazami mtu. Kuskusi ilikuwa nzuri, nyama inaachia mfupa yenyewe. Katikati ya chakula Abir akaweka kijiko.

"Na Wajdi asipopiga simu?"

Vijiko vyote vikasimama. Ndilo lilikuwa swali, na sisi wote tulikuwa tumelizunguka tangu tuingie. Shadhlia aliangalia bakuli. Mimi nilimwangalia Naziha mikono, kwa sababu uso wa mama unaweza kudanganya. Mikono ilikuwa imetulia.

"Asipopiga nitaogopa," alisema. "Sitakudanganya. Mimi ni mama, nitaogopa mpaka mnizike. Lakini nitaogopa nikiwa na kazi mkononi na dirisha wazi. Mlango hautafungwa tena, na wewe hutasomea kwenye vitunguu."

Abir alitafuna polepole. "Nitajaribu," akasema. "Mpaka mtihani. Nikiona soksi kwenye kitanda cha kufumia, narudi kwa shangazi."

"Soksi za nani?"

"Za yeyote."

"Mwambie baba yako, basi."

Munji aliangalia miguu yake, na hapo sote tukacheka, hata Shadhlia, ingawa macho yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa amemzoea mtoto. Haikuwa dhambi yake. Akainuka ghafla, akaanza kukusanya mabakuli na kufuta makombo, haraka haraka, kama mtu asiyetaka kutazamwa. Naziha alimfuata, akamtoa kitambaa mkononi bila ugomvi.

"Kaa, wifi. Hapa leo wewe ni mgeni. Na Jumapili uje, na Jumapili nyingine. Mtoto ana shangazi mmoja tu."

Shadhlia akakaa. Akapewa chai ya kwanza, yenye njugu nyingi juu, kama ya mgeni wa heshima.

Abir alihamia Jumapili, vitabu vyake kwenye mkokoteni wa baba yake wa mikate, unga umeingia mpaka kwenye hesabu. Wajdi bado yuko Sisili. Mwaka huu hajapata likizo, na Naziha bado anafagia kuja ndani, kila siku, na majirani wapya wakimwona wanadhani hajui kushika ufagio. Naye hawaelezi. Magodoro ya Widad yalibonyezwa na hayakukutwa na donge.

Jana nilikuwa jikoni, dirisha lao wazi na langu wazi.

"Mama, rula yangu iko wapi?"

"Mahali pake."

"Mahali pake ndipo wapi?"

"Wewe ndiye ulisema usiguswe meza yako. Sijaigusa. Itafute."

"Lakini uliifuta asubuhi, nimeona."

"Niliifuta kwa kuinua kitu na kukirudisha. Rula sikuiona."

"Basi ni baba."

"Basi ni baba. Muulize akiamka, usipige kelele, amelala."

Wakaendelea hivyo mpaka wali wangu ukaiva.